Kuli wa Ghorofa ya Nne

Cyril Ormesher hakuwahi kubeba gunia maishani mwake. Hilo liwe wazi tangu mwanzo, maana ukienda leo kwenye Ghala la Harkness, kando ya mto Mersey, ukamuuliza mkazi yeyote habari za makuli wa zamani wa Liverpool, utaelekezwa moja kwa moja kwa Mzee Cyril wa ghorofa ya nne. Ukweli ni kwamba Mzee Cyril alimaliza ujana na utu uzima wake katika duka kubwa la katikati ya mji, idara ya viatu vya kike. Kitu kizito kuliko vyote alichowahi kuinua kazini kilikuwa mguu wa mke wa meya.

Ghala lenyewe si ghala tena. Zamani watu walilipwa kidogo ili waingie humo, siku hizi wanalipa pesa nyingi. Ghorofa zimepewa majina ya shehena zilizokuwa zikihifadhiwa. Cyril anakaa ghorofa iitwayo Tumbaku, ambako kuvuta sigara ni marufuku hata kibarazani. Juu yake ni Sukari, na huko hakuna anayekula sukari. Winchi ya zamani imepakwa rangi nyeusi ya kung'aa, ikakazwa kwa nati isitikisike, na kila mgeni hupigwa picha chini yake. Kuanika nguo nje hakuruhusiwi. Kamati ya wakazi inasema kunaharibu historia, kana kwamba makuli wa enzi hizo walivaa nguo zikakauka kwa maombi.

Cyril alihamia humo mwaka mmoja baada ya kumzika mkewe, Edna. Ngazi za nyumba yao ya zamani zilikuwa zimelishinda goti lake, na binti yake Janine, anayeishi Swindon huko kusini, ndiye aliyemtafutia mahali penye lifti. Janine alitaka zaidi baba yake ahamie kwake kabisa.

"Chumba cha nyuma kipo, baba. Kimekaa bure tu."

Cyril alishakiona chumba cha nyuma. Kilikuwa na baiskeli ya mazoezi na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Akasema atajaribu kwanza Harkness.

Siku za mwanzo zilimtesa. Wakazi walikuwa vijana wenye adabu, waliovaa vidude masikioni na kutabasamu huku wakitazama simu. Kulikuwa na siku alizopitisha bila kuongea na kiumbe chochote isipokuwa birika. Alikuwa mpweke, na upweke ule ulimshangaza, kwa sababu yeye siku zote alijihesabu kuwa mtu wa kimya. Hakujua kwamba ukimya wake wote ulikuwa ukitegemea maneno ya Edna.

Ndipo asubuhi moja akaingia kwenye lifti pamoja na Tamsin.

Tamsin ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyetoka London, akaipenda Liverpool kwa bidii ya mlokole wa juzi. Alimtazama Cyril kuanzia kofia yake bapa, akasikia lafudhi yake ya mtaani alipomwambia habari za asubuhi, kisha akaiona ile mikono mikubwa aliyorithi kwa baba yake bila kupewa kazi ya kuitumia.

"Samahani, mzee wangu," akasema. "Wewe ulifanya kazi hapa bandarini? Zile enzi?"

Angejibu hapana, na mambo yangeishia hapo. Lakini macho ya yule dada yalikuwa yamewaka, na lifti ilikuwa bado ghorofa ya pili.

"Ndiyo," akasema Cyril.

Jioni hiyohiyo alikaribishwa chakula. Alilishwa parachichi lililopondwa juu ya kipande cha mkate, akaambiwa ndicho chakula chenyewe, na watu sita wakamsikiliza usiku kucha bila mmoja wao kugusa simu. Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Wanaosema hivyo hawajawahi kusikilizwa na watu sita baada ya mwaka mzima wa birika.

Hadithi alikuwa nazo, wala hakuzitunga. Kaka yake Edna, shemeji yake, alikuwa kuli kweli, na kwa miaka mingi alikuja kula kwao kila wiki, akaisimulia bandari tangu mchuzi hadi chai, huku Cyril akikata nyama kimya kimya. Shemeji alikufa, hadithi zikabaki hazina mwenyewe. Kazi ya Cyril ilikuwa ndogo tu: pale shemeji aliposema "mimi", naye alisema "mimi".

Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kobe. Siku moja sanduku la kobe kutoka Moroko liliteleza kwenye winchi, likapasukia gatini, kobe wakatawanyika, na genge zima la makuli likawakimbiza mchana kutwa. "Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kamba," Cyril husema hapo. Kisha hungoja kidogo. "Tukawakamata wote, ila wawili walituzidi mbio. Nyapara wetu alisema wala hashangai."

Basi hivyo ndivyo alivyopata watu. Walimgongea mlango kumletea mkate. Alipougua mafua aliletewa sufuria nne za supu, zote hazina nyama. Watoto wa ghorofa ya Pamba walimwita babu. Na kila Janine alipopiga simu na kutaja kile chumba cha nyuma, Cyril alimjibu, "Nina watu hapa, mwanangu." Ilikuwa kweli. Ila watu hao walikuwa wa mtu mwingine, na mtu huyo hakuwapo.

Siku za mwizi ni arobaini. Za Cyril zilifika mwaka wa pili, siku ya Jumatano, Tamsin alipogonga mlango akiwa amejaa furaha.

"Mzee Cyril, nina zawadi yako. Tumewapata wenzako."

"Wenzangu gani?"

"Makuli. Wa hapahapa Harkness. Wana klabu yao kule Bootle. Jumamosi tunafungua ule ukumbi mpya wa chini, wamekubali kuja wanne. Nimewaambia kuna mwenzao anaishi humu, wamesema wana hamu kubwa ya kumwona."

Bila shaka walikuwa na hamu. Cyril akasema goti lake linamsumbua sana mwishoni mwa wiki. Tamsin akasema hilo wamelifikiria, wameshaazima kiti cha magurudumu. Alipoondoka, Cyril alimpigia Janine akamwuliza, kwa mbali tu, kama Jumamosi anaweza kwenda Swindon. Janine alifurahi mno. Akasema leo hii anaitoa ile baiskeli ya mazoezi, na kama baba anataka anaweza kuja na kabati lake. Cyril akasema alikuwa anauliza tu, akakata simu, akakaa kitandani mikono ikiwa mapajani. Alijua vizuri kinachomngoja. Akijulikana Jumamosi, Jumapili lifti itakuwa kimya tena, na mwezi hautaisha kabla hajaenda kutazama ule ukuta wa jirani mpaka afe.

Basi akajiandaa. Alikuwa anajua jambo moja la hakika: bandarini hakuna aliyeitwa kwa jina la ubatizo. Watu walifanya kazi bega kwa bega miaka ishirini, mmoja akifa wenzake wanakosa mazishi, kwa sababu gazetini ametangazwa kwa jina ambalo hawajawahi kulisikia. Kuli bila jina la bandarini hakuwa kuli. Cyril akawaza jioni nzima, akijaribu jina hili na lile mbele ya kioo, mpaka akapata moja lililomkaa vizuri.

Hapa ndipo mtu yeyote wa Liverpool atashika kichwa. Jina la bandarini hukujichagulia, na halikumsifu mtu hata siku moja. Ulipewa kwa kosa lako, au kwa umbo lako, au kwa siku ile uliyoaibika mbele ya watu, nawe ukaenda nalo kaburini. Shemeji yake mwenyewe aliitwa Kesho, kwa kuwa hapakuwa na kazi ambayo hakuahidi kuifanya kesho. Cyril alikaa meza moja na Kesho miaka yote hiyo asilielewe jambo hilo. Yeye aliona tu ni jina fupi linalopendeza.

Jumamosi ikafika. Makuli wanne walikuja kwa teksi, wamevaa suti walizozoea kuzikia watu. Mkubwa wao alikuwa mzee mdogo wa mwili, mwenye nyusi nzito, aitwaye Askofu, kwa sababu katika miaka yake yote bandarini hakuna aliyemwona akiinua kitu isipokuwa mikono. Wa pili, mrefu, mwekundu usoni, aliitwa Kwikwi. Walizungushwa jengo zima. Walipofika kwenye maktaba ya wakazi, Askofu alisimama, akapatazama kwa upendo, akasema hapo ndipo alipokuwa akilala mchana. Tamsin akaona ni maneno mazuri sana ya kuandikwa ukutani.

Kisha wakaletwa ukumbini, na Cyril yumo, kwenye kiti cha magurudumu alichokikataa mara mbili.

"Huyu hapa mwenzenu," akasema Tamsin, akarudi nyuma kidogo ili ashuhudie watu wakikumbatiana.

Hakuna aliyekumbatia mtu. Askofu alimtazama Cyril usoni, kisha mikono, kisha akashuka hadi kwenye viatu, ambavyo vilikuwa vimepigwa rangi kupita kiasi.

"Unaitwa nani, bwana?"

"Cyril Ormesher."

"Hatuko kanisani. Hapa uliitwa nani?"

Cyril akakohoa. "Samsoni."

Kwikwi akaanza kuichunguza boriti ya dari. Wale wawili wengine wakatazamana.

"Samsoni," Askofu akasema polepole, kama mtu anayeonja maziwa ya juzi. "Ulipewa na nani?"

"Wenzangu. Genge langu."

"Walikupenda sana hao wenzako."

"Tulikuwa tunapatana."

"Naona. Sisi wenzetu walituchukia, basi." Akamgeukia mrefu. "Kwikwi, wewe uliwahi kupewa jina la kwenye Biblia?"

"Mimi nilipewa ugonjwa," akasema Kwikwi.

Tamsin hakuelewa chochote, na kwa kutoelewa kwake akamwaga petroli kwenye moto. "Mzee Cyril, waambie ile ya kobe," akasema. "Jamani, sogeeni, Mzee Cyril anasimulia ya kobe."

Watu wakasogea, glasi mikononi. Cyril akaona maji yamemfika shingoni na hakuna pa kukimbilia, isitoshe amekalishwa. Akasimulia. Sauti ilimtetemeka kwenye sanduku, ikamkauka kwenye gati. Alipofika mahali pa kusema mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kamba, nyusi za Askofu zilipanda zikabaki huko juu. Wakazi walicheka palepale walipozoea kucheka. Makuli hawakucheka.

"Askofu," Kwikwi akanong'ona, "kumbe wewe ndiye Samsoni, na hukutuambia."

Askofu akashika mpini wa kile kiti. "Nipeni mwenzangu kidogo," akawaambia watu. "Tuna mengi ya kukumbushana." Akamsukuma Cyril mpaka dirishani, mbali na masikio, mto ukiwa chini yao umejaa hadi ukingoni, rangi ya chai ya maziwa.

"Kamba ile niliishika mimi," akasema. "Na aliyeiachia ni mimi."

Cyril akavitazama viatu vyake.

"Ulifanya kazi wapi?"

"Dukani. Katikati ya mji. Viatu vya kike."

Askofu akafikiri. "Mke wangu alinunua vya harusi pale. Vilimbana kutwa nzima, akanuna mpaka kwenye picha."

"Alikataa namba kubwa," akasema Cyril. "Wote hukataa."

"Nilimwambia."

"Hata mimi lazima nilimwambia. Tuliwaambia wote."

Wakautazama mto. Askofu akavuta kiti akaketi, maana naye magoti hayakuwa ya jana.

"Hadithi yangu uliipata kwa nani?"

"Kwa shemeji yangu. Alikuwa anakuja kula kwetu kila Jumapili. Mlimwita Kesho."

"Kesho?" Askofu akamgeukia mzima mzima. "Kesho hakuwapo siku ya kobe. Alikuwa nyumbani kwake anaumwa mgongo. Mgongo wake ulikuwa unauma kila meli ikiingia." Mabega yakaanza kumtikisika. "Kwa hiyo Kesho kaniibia mimi, wewe ukamwibia Kesho. Na yule dada kaniambia ataichora ukutani. Mwizi wa tatu huyo."

"Utawaambia?" Cyril akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Ukiwaambia itabidi nihamie Swindon."

"Swindon kuna nini?"

"Kuna baiskeli ya mazoezi."

Askofu hakucheka safari hii. Alikuwa amewageukia wale vijana waliojaa ukumbini, na alipozungumza tena utani ulikuwa umemtoka.

"Unajua kinachoniuma ni nini? Si uongo wako. Kila mtu anadanganya, sisi tulidanganya kwa mshahara. Nimeingia jengo hili kwa mlango wa mizigo tangu sijaota ndevu, leo nimeingia kwa kadi ya mwaliko. Mimi naishi Bootle, dirisha langu linatazama kituo cha mafuta. Hakuna hata mmoja wetu aliyepata chumba humu. Anayeutazama huu mto kila asubuhi ni muuza viatu."

Cyril akaona aibu. Haikuwa ile aibu ya wiki nzima ya kuogopa kukamatwa. Hii ilikuwa aibu ya kweli, ilimpanda hadi masikioni, na kama angeweza kusimama haraka angesimama akampa mzee yule kiti, dirisha na mto wenyewe.

"Samahani," akasema. "Sikuwaza upande huo."

"Najua hukuwaza."

Tamsin alikuwa anakuja, na nyuma yake watu. "Haya, tuambieni," akasema kwa furaha. "Mmekumbukana? Mnamfahamu?"

Askofu akainuka taratibu, akakigeuza kile kiti mpaka Cyril akatazamana na ukumbi mzima.

"Tunamfahamu," akasema. "Ila kuhusu jina amewadanganya. Samsoni amejipa mwenyewe."

Cyril akafumba macho. Alisikia friji ya vinywaji ikinguruma, akamwona Janine akilisogeza kabati ukutani.

"Huyu bwana anaitwa Jumapili."

"Kwa nini Jumapili?" Tamsin akauliza.

"Kwa sababu siku za kazi hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona hapa."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Tamsin alicheka mpaka akafuta machozi, akasema katika majina yote aliyosikia leo hilo ndilo tamu kuliko yote. Lakini waliocheka zaidi ni makuli. Kwikwi alicheka hadi kwikwi ikamshika, akapigwa mgongoni na wenzake, na kila alipotaka kupumua alimwona Cyril akaanza upya. Tangu jengo hilo litiwe lifti, halijawahi kutamkwa ndani yake neno la kweli kuliko hilo, na waliolijua ni wazee watano tu. Cyril alichelewa kucheka. Alipoanza, hakuweza kuacha, na machozi yake hayakuwa yote ya kicheko.

Teksi ilipokuja, Askofu aliinama sikioni mwake.

"Ukumbi huu anafungua nani?"

"Mkazi yeyote. Mimi ninao ufunguo."

"Basi Jumanne, saa nne asubuhi, utufungulie. Tunataka viti vya dirishani. Na kobe ni wangu."

"Kobe ni wako," akasema Cyril.

Jumanne alifungua mlango mapema, akapanga viti vitano dirishani, akakifuta kila kimoja. Walipofika na kuketi, naye akaketi katikati yao, akakunja nne, akavuta pumzi ya mtu aliyefika nyumbani. Mto ulikuwa unapwa. Askofu akamtazama kwa muda.

"Jumapili," akasema, "umekaa kufanya nini?"

"Naangalia mto. Pamoja nanyi."

"Wewe ni mtu mpya. Lini umemwona mtu mpya amekaa?"

"Mtu mpya hufanya nini?"

"Hupika chai," wakasema wote wanne.

Cyril akainuka, goti likilalamika. Akapika chai, akalibeba sinia ukumbi mzima, asimwage hata tone. Kwikwi akaonja, akasema hayo ni maji ya kuoshea kobe, arudie. Akarudia. Ya pili wakaikubali kwa shingo upande, wakamwambia aketi ila asizoee. Simu yake ikaita. Alikuwa Janine, anauliza kuhusu kile chumba cha nyuma, maana ameshakisafisha. Cyril Ormesher, mwenye umri wa karibu miaka themanini, akamwambia bintiye apige jioni, sasa hivi hawezi kuongea, yuko kazini.